Jinsi ya Kuwafundisha Watunza Hesabu wa Nyenzo za Nyuklia: Kuanzia Mizani Hadi Ripoti

Watu wawili wamesimama ghalani mbele ya rafu. Mmoja anasoma namba ya kopo kwa sauti, mwenzake anaitafuta kwenye orodha na kuweka alama. Kopo la kumi na saba linasomwa, alama inawekwa, wanasogea. Kumbe namba iliyosomwa ni ya lebo ya karatasi, si ile iliyochongwa kwenye bati, na lebo yenyewe ilikuwa ya kopo jingine. Orodha imekamilika na hesabu imekubali, lakini ni ya uongo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi hii hata mali yenye daftari hupotea bila habari, endapo daftari linaandikwa ili likubaliane na rafu badala ya kuihoji. Kwa hiyo mwongozo huu una upande. Naamini kumfundisha mtunza hesabu wa urani au plutoni ni kwanza kumfundisha kuishuku hesabu inayokubali kirahisi, na kuitaja tofauti mapema hata kama aliyeisababisha ni yeye mwenyewe. Fomu, fomula na vifupisho vinafuata nyuma.

Hatua ya kwanza: fuata kopo moja kabla ya kuandika somo lolote

Walimu wengi huanza kwa kukusanya slaidi. Usianze hapo. Chukua kopo moja, au fimbo moja ya fueli, uifuate kwenye makaratasi tangu inapoingia getini hadi inapotoka au kuhifadhiwa. Andika kila mkono unaoigusa na kila karatasi inayozaliwa njiani. Kila mkono ni jukumu, na kila jukumu ni somo. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, limekuwa likihimiza mafunzo yapangwe kwa mzunguko wa uchambuzi, usanifu, utayarishaji wa masomo, utekelezaji na tathmini. Ni utaratibu mzuri, ila wengi huruka uchambuzi kwa sababu unachosha.

Utakuta majukumu hayazidi matano au sita: mtunza ghala anayeshika nyenzo, mpimaji wa mizani na maabara, karani wa leja, mwandishi wa ripoti zinazokwenda kwa mamlaka ya nchi, msimamizi wa lakiri, yaani mihuri ya kufungia makopo, na mkuu wa hesabu anayebeba lawama yote. Kwenye kituo kidogo mtu mmoja hushika majukumu mawili au matatu. Hilo halina budi, ila yapo mawili yasiyowekwa kwenye mkono mmoja: kushika nyenzo na kuandika leja yake. Na mkuu wa hesabu asiwe chini ya mkuu wa uzalishaji. Anayetaka kazi iendelee upesi hafai kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kusema tofauti hii ni ndogo, tuendelee.

Hatua ya pili: wafahamu wanahesabu nini

Siku ya kwanza weka picha mbili ubaoni. Moja ni chanzo cha kobalti-60 cha kutibia saratani, nyingine ni kasha zito la kubebea chanzo cha kupigia picha za bomba na viungio vya chuma. Uliza kipi kati ya hivyo kina nyenzo za nyuklia. Karibu darasa zima litataja kobalti, maana ndiyo yenye mnunurisho, yaani mionzi, mkali. Wamekosea. Kobalti-60 ni hatari na ina sheria zake, lakini haimo kwenye hesabu hizi. Kasha lile, ambalo mara nyingi ukuta wake ni wa urani hafifu, yaani urani iliyobaki baada ya sehemu kubwa ya U-235, ile aina ya urani inayopasuka kirahisi, kuondolewa, ndilo linaloingia leja. Zipo nchi zisizo na kinu cha nyuklia hata kimoja ambazo hesabu yao karibu yote ni makasha ya aina hiyo, yametawanyika hospitalini na kwenye kampuni za ujenzi. Hayo ndiyo huuzwa kama vyuma chakavu kwa sababu hakuna aliyejua ni nini.

Nyenzo zinazohesabiwa ni urani, plutoni na thori. Hapo wape viwango ambavyo IAEA hutumia kama kiasi cha tahadhari, yaani kiasi ambacho kikitoweka, uwezekano wa kutengenezwa bomu hauwezi kupuuzwa: kilo 8 za plutoni, kilo 8 za U-233 (aina nyingine ya urani), kilo 25 za U-235 zilizomo ndani ya urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa sehemu ya U-235, kufikia asilimia 20 au zaidi, kilo 75 za U-235 kwa urani iliyorutubishwa chini ya hapo. Urani asilia ni tani 10, urani hafifu tani 20, thori tani 20. Plutoni au urani iliyorutubishwa sana ambayo haijaingia kinuni, lengo ni upotevu wake ugundulike ndani ya mwezi 1. Ikiwa imo ndani ya fueli iliyokwisha tumika, miezi 3. Nyenzo zinazohitaji kusindikwa zaidi, mwaka 1. Mwanafunzi akishaona tofauti kati ya kilo 8 na tani 20, ataelewa kwa nini kopo moja hukaguliwa kila mwezi na jingine mara moja kwa mwaka.

Sheria zenyewe zisikalishe watu siku nzima. Wajue kwamba Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulianza kutumika 1970, kwamba nchi zisizo na silaha hizo hutia saini makubaliano ya ukaguzi na IAEA, kwamba itifaki ya ziada ilipitishwa 1997 na kuongeza taarifa ambazo nchi inatoa, na kwamba nchi za Euratom, jumuiya ya nishati ya atomiki ya Ulaya, zina chombo chao cha pamoja cha hesabu, na Brazili na Argentina zina chao, ABACC, tangu 1991. Kisha wasomeshe kifungu kwa kifungu waraka wa kituo chao wenyewe, maana ndio watakaoulizwa na mkaguzi.

Hatua ya tatu: usalama wa mwili, kabla ya ufunguo wa ghala

Sitakaa sana hapa kwa kuwa hili lina walimu wake. Ila mtunza hesabu asidhani kwamba kupanga makopo karibu karibu ili yahesabike vizuri ni unadhifu tu. Kwa urani iliyorutubishwa na plutoni, umbali kati ya makopo, umbo la chombo na maji yaliyo karibu ndivyo vinavyoamua kama mpasuko mfululizo wa atomi utaanza wenyewe. Mwaka 1999 huko Tokai, Japani, wafanyakazi walimimina mmumunyo wa urani kupita kiasi kwenye tangi lisilofaa, mpasuko ukaanza, na wawili kati yao wakafariki. Wakati wa kuhesabu, kopo lisisogezwe bila ruhusa iliyoandikwa, hata kwa kiganja kimoja.

Hatua ya nne: mizani

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, tena mikono ikishika vyuma. Mpe kila mwanafunzi mawe ya mizani yaliyothibitishwa, apime asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, achore majibu. Ataona kwa macho yake kwamba mizani ileile haitoi jibu lilelile. Kuna mtawanyiko usio na mpango, unaopungua ukirudia vipimo. Kuna na mwegemeo, ambapo mizani inazidisha gramu mbili kila mara. Huo haupungui hata ukipima mara mia. Nimeona watu wenye shahada wakizichanganya shaka hizi mbili, na wapishi wasiozichanganya.

Kisha wape zoezi hili. Kopo lina kilo 20.00 za unga wa oksidi ya urani, UO2, bila uzito wa kopo. Urani imerutubishwa kwa asilimia 4. Unaandika nini kwenye leja?

Wapo watakaoandika kilo 20. Hapana, leja inahesabu elementi, haihesabu unga. Katika UO2 urani ni takriban asilimia 88.15 ya uzito, kwa hiyo urani ni kilo 17.63, na U-235 ndani yake ni kilo 0.705. Lakini bado hatujamaliza, kwa sababu urani iliyorutubishwa huripotiwa kwa gramu: gramu 17,630 za urani na gramu 705 za U-235. Urani asilia, urani hafifu na thori ndizo huripotiwa kwa kilo. Kosa la gramu na kilo halisababishwi na ujinga. Husababishwa na karani aliyejaza fomu ya urani hafifu asubuhi kisha akaendelea na mkono uleule mchana. Rudia zoezi kwa U3O8, ambamo urani ni kama asilimia 84.8, hadi swali la kwanza litakalotoka kinywani mwa mwanafunzi akitajiwa uzito wowote liwe: uzito wa nini?

Halafu tenganisha aina mbili za kituo. Kinu cha utafiti kinahesabu vitu: fimbo moja ni fimbo moja, ina namba, haipungui mfukoni. Kiwanda cha fueli kinahesabu unga, vimiminika na mabaki, na hapo hakuna cha kuhesabu bila kupima. Mtu aliyefunzwa kwenye aina ya kwanza asihamishiwe ya pili kwa barua ya uhamisho peke yake.

Hatua ya tano: leja na karatasi zake

Kila eneo la mizania, yaani sehemu ambayo kila kinachoingia na kutoka kinapimwa, lina leja yake. Kanuni za kufundisha ni chache na ni za kizamani: hakuna ingizo bila hati ya chanzo yenye sahihi, hakuna kufuta, kosa hukatwa kwa mstari mmoja likasomeka, likasahihishwa na kuwekwa tarehe na sahihi; kwenye kompyuta, ingizo la zamani hubaki na la marekebisho huongezwa. Nenosiri haliazimwi, hata kwa bosi.

Wafundishe pia mabadiliko ambayo hakuna mtu aliyeyafanya. Kinu kikiwaka, U-235 inapungua na plutoni inazaliwa, na vyote viwili vina mstari wake. Plutoni-241 ghalani hupungua yenyewe, nusu yake ikiisha kwa miaka kama 14. Leja isiyobadilika kwa miaka kumi kuhusu kopo la plutoni haijatulia, imesahauliwa.

Hatua ya sita: lakiri na macho mawili

Lakiri haizuii mwizi. Inasema tu kama kopo limefunguliwa au la, na inasema hivyo endapo namba yake iliandikwa sawasawa, waya wake ukapita panapotakiwa, na mtu akaivuta kidogo kuona kama imekaza. Mpe kila mwanafunzi lakiri kumi, tatu kati yake ulizozichezea mwenyewe: moja imefunguliwa na kurudishwa kwa gundi, nyingine waya umepita nje ya tundu, ya tatu namba yake ina tarakimu moja tofauti. Asiyeziona zote tatu arudie kesho yake.

Utaratibu wa watu wawili nao hufundishwa vibaya. Watu huelewa kwamba ni kuwa wawili chumbani. Maana yake ni kwamba kila mmoja anaijua kazi ya mwenzake kiasi cha kugundua akikosea au akidanganya, na anaiona mikono yake muda wote. Ukimweka mpimaji na mlinzi asiyejua kusoma mizani, una mtu mmoja na shahidi kipofu.

Hatua ya saba: ghala la mchanga

Hili ndilo somo ninaloligharimia kuliko mengine. Tengeneza ghala la mazoezi lenye makopo 40 yaliyojaa mchanga, yenye namba, lebo na lakiri, pamoja na leja na hati zake. Tumia viwango vya kubuni, kamwe usitumie vya ghala halisi, kwa sababu orodha ya nini kipo wapi ni siri ya kituo na haipaswi kuzunguka darasani. Kisha panda kasoro. Makopo mawili yawe na namba moja. Kopo moja liwe rafuni lakini halimo kwenye orodha. Jingine liwe kwenye orodha lakini limepelekwa maabara kwa hati ambayo mpokeaji hajatia sahihi. Moja liwe na uzito sahihi lakini ndani mna kitu kingine. Hilo mizani haitalikamata, linahitaji kipimo cha mnunurisho, na kwenye mazoezi unampa kadi yenye jibu la kipima-gama akiliomba tu. Asipoliomba, usimpe.

Wagawe wawili wawili, wape muda usiotosha, kisha ukae kimya. Usiangalie sana wanachopata. Angalia wanachofanya wakikosa. Kijana mmoja, mwenye akili nyingi darasani, alihesabu akapata 39. Hakumwambia mwenzake. Akarudi mwanzo wa rafu, akahesabu tena, kisha mara ya tatu, akaja akitabasamu.

"Mwalimu, zimetimia."

"Mara ya kwanza zilikuwa ngapi?"

Akanyamaza. Fomu yake ilikuwa na 40 tu, kwa wino safi. Kopo la kwenye kona alikuwa amelihesabu mara mbili, na lililokosekana lilikuwa maabara. Nilimwambia airudie fomu na kuandika hesabu zote tatu, pamoja na saa za kila moja. Tangu siku hiyo fomu za mazoezi zina nafasi ya jaribio la kwanza, la pili na la tatu, na mwanafunzi hapotezi alama kwa kuanza na 39. Anazipoteza kwa kuificha.

Hapa wasimamizi wana darasa lao pia. Kama kituoni anayeripoti kosa lake huadhibiwa, mafunzo yako yatadumu wiki mbili. Wakalishe wakuu wa idara katika zoezi hilohilo, wahesabu mchanga nao.

Hatua ya nane: tofauti isiyoelezeka

Fomula ni fupi. Chukua kilichokuwepo mwanzo, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka: hiyo ni hesabu ya kitabu. Toa humo hesabu halisi ya ghalani. Kinachobaki ni tofauti isiyoelezeka.

Mfano wa darasani: mwanzo kilo 412.60 za urani, zimeingia 150.00, zimetoka 138.40, taka zilizopimwa 0.35. Kitabu kinasema 423.85. Ghalani zimepatikana 423.10. Tofauti ni kilo 0.75. Shaka ya kipimo kwa kipindi hicho, ukijumlisha mizani na maabara zote, ni kilo 0.40. Tofauti haijafika mara mbili ya shaka, kwa hiyo karani anafunga kitabu na kwenda nyumbani.

Sasa waonyeshe vipindi viwili vilivyotangulia: 0.60 na 0.70, vyote vikiwa upungufu. Jumla ya vitatu ni 2.05. Kama vipimo vya vipindi hivyo havitegemeani, shaka ya jumla ni 0.40 mara kipeuo cha pili cha 3, yaani kama 0.69. Tofauti imekuwa karibu mara tatu ya shaka. Hakuna kipindi kilichopiga kengele peke yake, na bado jumla inapiga. Acha darasa libishane. Je, ni mizani yenye mwegemeo? Unga ulionasa kwenye mabomba? Mtu? Jibu lolote linahitaji kwenda kuangalia, na hilo ndilo lengo la zoezi.

Kisha wape visa vitatu vya kweli. Mwaka 1992 huko Podolsk, Urusi, mfanyakazi mmoja alikamatwa na takriban kilo 1.5 za urani iliyorutubishwa kwa asilimia 90, ambayo aliitoa kazini kidogo kidogo kwa miezi. Alijua kituo kinakubali hasara fulani ya mchakato, akachukua chini ya kiwango hicho. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye aliielewa methali kuliko wahasibu wake. Mwaka 1994 ilibainika kwamba takriban kilo 70 za plutoni zilikuwa zimenasa ndani ya vifaa vya kiwanda cha fueli huko Tokai. Hazikuibwa, lakini hakuna aliyekuwa akizipima vizuri zilipokuwa. Na mwaka 2005, kwenye kiwanda cha Thorp cha kusindika fueli iliyotumika, huko Sellafield, Uingereza, bomba lililovunjika lilikutwa limemwaga kama mita za ujazo 83 za fueli iliyoyeyushwa kwenye asidi, zenye takriban tani 20 za urani na kilo 160 za plutoni, ndani ya chumba cha zege kilichofungwa. Uvujaji ulikuwa umeendelea kwa miezi. Hesabu za nyenzo zilikuwa zimeanza kuonyesha pengo kabla mtu hajatia kamera ndani ya chumba kile.

Mwizi, vumbi, bomba. Karani huona namba ileile kwa vyote vitatu.

Hatua ya tisa: ripoti na mkaguzi

Ripoti ni tatu za kawaida. Ripoti ya mabadiliko hutumwa ndani ya siku 30 baada ya mwezi ambamo mabadiliko yametokea kwisha. Orodha ya hesabu halisi na ripoti ya mizania hutumwa ndani ya siku 30 baada ya hesabu halisi kufanyika. Ipo na ripoti maalumu, pale ambapo kuna dalili ya upotevu, nayo haisubiri mwisho wa mwezi. Zote hupitia mamlaka ya nchi, kwa hiyo kituo kiwe na tarehe yake ya mapema. Wafundishe alama za mabadiliko, yaani vifupisho vya kila aina ya badiliko, kwa kuwapa hati thelathini za kubuni wazipange, haraka, bila kuchungulia kitabu.

Mkaguzi wa kuigiza ni lazima. Mlete mtu wasiyemjua, aombe leja, achague makopo kwa bahati nasibu, atake kuona lakiri, achukue sampuli. Sampuli halisi za IAEA hupelekwa kwenye maabara zake za Seibersdorf, karibu na Vienna. Fueli iliyotumika huangaliwa bwawani kwa mwanga wa buluu wa Cherenkov, ambao mionzi yake huuzusha majini, jambo ambalo wanafunzi hulifurahia kuliko somo lote la leja. Wafundishe kujibu kilichoulizwa, kuonyesha hati, na kusema "sina jibu sasa hivi, nitalileta kabla ya saa nane" badala ya kubahatisha.

Hatua ya kumi: nani apewe ufunguo

Mtihani wa karatasi ni sehemu ndogo. Mimi sitii sahihi ya kumruhusu mtu hadi awe amefanya, mbele ya msimamizi, upokeaji mmoja mzima, utoaji mmoja mzima na hesabu halisi moja ya eneo lake, huku jina lake likiandikwa kama mwanafunzi kwenye hati. Ruhusa iwe ya jukumu lililotajwa, si ya kituo kizima, na iwe na tarehe ya mwisho. Mizani mpya, programu mpya ya leja, au miezi mirefu nje ya kazi: ruhusa inasimama hadi arudie sehemu inayohusika. Wenye bidii waombe nafasi kwenye kozi za IAEA kwa watunza hesabu wa kitaifa. Huko watakutana na wenzao wenye matatizo yaleyale.

Mwezi wa tatu baada ya kumpa ufunguo, nenda ghalani asubuhi bila taarifa. Chagua makopo matano, mwombe asome namba. Angalia kama macho yake yanakwenda kwenye lebo au kwenye bati.